Mkono Uliovimba Baada ya Saratani ya Titi: Usiulaze, Ubane Halafu Uufanyishe Kazi

Kuna ushauri mmoja unazunguka sana kwetu sisi tuliotibiwa saratani ya titi, utausikia kwa mama mkwe, kwa jirani, saa ingine hata kwa mtu wa hospitali: mkono wa upande uliopasuliwa usiutumie. Usibebe ndoo, usinyanyue mtoto, usifue, uweke juu ya mto upumzike. Wanaosema hivyo wanatuonea huruma na huruma yao ni ya kweli, siwalaumu hata kidogo. Lakini mi naishi na limfedema ya mkono wa kushoto, yaani uvimbe wa majimaji yaliyokosa pa kupita, miaka sasa, na kilichonirudishia mkono ni fiziotherapia, na fiziotherapia ya mkono huu ukiifuatilia hadi chini kabisa imejengwa juu ya wazo lililo kinyume na ushauri ule: mkono ubanwe, na ukiwa umebanwa ufanye kazi. Vyote viwili kwa pamoja. Nimeona niandike kirefu maana kila nikikaa na wenzangu nakuta mtu ana soksi ya mkono, ile nguo ya kubana mkono, lakini anaogopa kunyanyua hata kiti, au anafanya mazoezi sana lakini hajawahi kufungwa bendeji hata siku moja, na wote wawili wanateseka bila sababu.

Tuanze na mwili wenyewe, maana usipoelewa hapa mengine yote utayafanya kwa kukariri tu. Damu ikifika kwenye vimishipa vidogo kabisa inaacha majimaji kwenye nyama, yana protini ndani yake, na hayo majimaji lazima yarudi. Mfumo wa limfu ndo una hiyo kazi ya kurudisha. Vimishipa vyake vyembamba vinaanzia hapo hapo chini ya ngozi, vinaungana, vinapanda mkono mzima hadi kwenye tezi za kwapani, tezi zinachuja, afu limfu inaendelea hadi kumwagikia kwenye mshipa mkubwa wa damu nyuma ya mtulinga. Sasa limfu haina moyo wa kuisukuma kama damu. Mishipa yake ina vali za kuzuia isirudi chini na yenyewe inajikamua kidogo kidogo, ila inasaidiwa sana na majirani zake: misuli ikikaza na kulegea, pumzi ikiingia na kutoka kifuani. Hebu shika hilo vizuri, kila kitu kitakachofuata kinatoka hapo.

Daktari akitoa tezi za kwapani ili saratani isibaki, au mionzi ikipita pale na kuacha kovu, njia inakuwa nyembamba. Mkono unaendelea kutoa majimaji yaleyale kama zamani lakini pa kupitia pamepungua. Yanayoshindwa kupita yanabaki, protini yake inavuta maji mengine, mkono unakuwa mzito. Mwanzoni ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo, na ukilala usiku umeuinua asubuhi unaweza kukuta umepungua. Ukiachwa hivyo muda mrefu mwili unaanza kujenga nyuzi ngumu na mafuta mahali pale, na hapo hata ukibonyeza haubonyei tena, wala kuuinua hakusaidii kitu. Ndo maana pia vidonge vya kukojoza maji, ambavyo watu wengi wanakimbilia kwanza, havitibu limfedema. Vinatoa maji mwilini, protini inabaki palepale, na kesho inavuta maji mengine.

Sio kila aliyepasuliwa atavimba, hilo nalo lisemwe kwa sauti. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2013 kwenye jarida la Lancet Oncology ulikadiria kwamba mwanamke kama 1 kati ya 5 waliotibiwa saratani ya titi hupata limfedema ya mkono, lakini ndani ya hesabu hiyo kuna tofauti kubwa: waliosafishwa kwapa lote, yaani kutolewa tezi zake kwa wingi, ilikuwa karibu asilimia 20, na waliotolewa zile tezi chache za mwanzo tu kwa ajili ya kupimwa ilikuwa karibu asilimia 6. Mionzi ya eneo la tezi inaongeza, uzito mkubwa wa mwili unaongeza, na maambukizi ya ngozi ya mkono yanaongeza. Wengi wanaanza kuvimba ndani ya miaka 2 au 3 ya mwanzo, wengine inawajia baadaye sana, wakati hata miadi ya hospitali imeshakuwa ya nadra.

Sasa tiba yenyewe. Mafizio, yaani wataalamu wa fiziotherapia, duniani kote wanafanya kitu kilekile kwa majina tofauti kidogo, na kina sehemu nne: masaji nyepesi ya limfu, kufungwa bendeji, mazoezi, na kutunza ngozi. Hizo nne zinaenda kwa awamu mbili. Ya kwanza ni ya kupunguza, unaenda kwa fizio karibu kila siku kwa wiki kadhaa, kwa kawaida 2 hadi 4, mkono unashinda na kulala ndani ya bendeji. Ya pili ni ya kulinda kilichopatikana, na hiyo haina mwisho, soksi ya mkono mchana na mazoezi yako mwenyewe nyumbani. Najua neno "haina mwisho" linauma. Liliniuma. Lakini kuna watu wanaambiwa ugonjwa huu hauna tiba na wao wanaelewa kwamba hakuna cha kufanya, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Masaji ndo watu wanaipenda zaidi na ndo inaeleweka vibaya zaidi. Njia hii ilianzishwa na Mdenmark Emil Vodder na mkewe Estrid, walikuwa wakifanya kazi Cannes kusini mwa Ufaransa, wakaitangaza Paris mwaka 1936. Mara ya kwanza unapofanyiwa unajiuliza kama kweli kuna kitu kinaendelea, kwa sababu mkono wa fizio ni mwepesi mno, anaivuta ngozi taratibu na kuiachia, hakandi, hasugui, haweki mafuta. Ni makusudi. Vile vimishipa vya mwanzo viko chini tu ya ngozi na vinafunguka ngozi ikivutwa, ukikandamiza kwa nguvu unaviziba, na ukisugua ngozi inapata joto, damu inakuja zaidi na majimaji yanaongezeka. Kwa hiyo mtu akikukanda mkono wa limfedema kama anavyokanda mgongo uliochoka, mwambie aache, hata kama ana nia njema.

Na kitu kingine cha masaji hii, haianzii mkononi. Inaanzia shingoni, juu ya mtulinga, pale limfu inapomwagikia kwenye damu. Afu inahamia kwapa la upande usioumwa na kinena cha upande uleule ulioumwa, afu kifua na mgongo, ndo baadaye sana inafika begani, mkono wa juu, na mwisho kabisa vidole. Unafungua mbele kwanza ndo unasukuma cha nyuma, kama vile foleni ya magari, aliye nyuma kabisa hawezi kusogea mpaka wa mbele waondoke. Fizio mzuri atakufundisha uifanye mwenyewe, dakika chache tu kila siku, na kama unaye mtu wa nyumbani mwenye mkono mwepesi naye afundishwe, hasa kwa mgongo ambako wewe hufiki.

Ila niseme wazi ninavyoona: masaji peke yake haitoshi. Uchambuzi wa mwaka 2015 wa Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, ulikuta ni salama na kwamba inaweza kuongeza faida kidogo juu ya ile ya bendeji, hasa kwa mikono ambayo haijavimba sana, lakini mzigo mkubwa wa kupunguza uvimbe unabebwa na bendeji. Ukifanyiwa masaji nzuri sana ukarudi nyumbani mkono ukiwa mtupu, majimaji yanarudi. Kama pesa au muda ni mdogo na ikabidi uchague, mimi ningechagua bendeji na mazoezi.

Bendeji nataka nizungumzie polepole. Sio ile bendeji laini ya kuvutika sana ambayo watu wanafungia kifundo cha mguu kilichoteguka. Ile inavutika mara mbili zaidi na inabana muda wote, hata ukiwa umelala umetulia, kwa mkono huu inaumiza na inaweza kuzuia damu. Inayotakiwa ni bendeji isiyovutika sana, na siri yake iko hapohapo: ukitulia inabana kidogo, ukikaza msuli inakataa kutanuka, kwa hiyo msuli unasukuma kwa nje, bendeji inagoma, na vile vimishipa vya limfu vilivyo katikati vinakamuliwa. Msuli ukilegea vinajaa tena. Ukikaza, vinakamuliwa. Bila msuli kufanya kazi bendeji hiyo ni nguo tu, na bila bendeji msuli unasukuma ngozi ambayo imeshalegea na haina nguvu ya kusukuma upande wake. Mi nilipoelezwa hivyo ndo nikaelewa kwa nini nilikuwa naambiwa nikishafungwa nisikae.

Inafungwa kwa tabaka. Ngozi inapakwa losheni, inavaa soksi nyembamba ya pamba, vidole vinazungushiwa kimoja kimoja kwa bendeji nyembamba kama vimevimba, halafu pamba au sponji laini kusawazisha ule mkono ili ubanwe sawasawa hasa kwenye kiwiko na kiganja, ndo zinakuja bendeji zenyewe kuanzia kiganjani kupanda juu. Huku chini inabana zaidi, kadiri inavyopanda inalegea kidogo kidogo. Ikigeuzwa, yaani juu ikabana kuliko chini, majimaji yanashuka vidoleni, na hapo umejitengenezea tatizo jipya. Vidole vikipauka au kuwa bluu, vikifa ganzi, vikawa vya baridi au mkono ukauma, fungua hapohapo, usisubiri miadi. Na unapofungwa mara za kwanza mkono unaonekana mkubwa kuliko ulivyokuwa, nguo hazipiti, watu wanaangalia. Wiki hizo ni ngumu, tafuta blauzi za mikono mipana na omba msaada wa kazi za maji, sio kwa sababu mkono mgonjwa, kwa sababu bendeji zisilowe.

Mkono ukishapungua na kutulia ndo unapimiwa soksi ya mkono. Hapo kuna jambo watu wanalikosea kwa kukosa kuambiwa: soksi haipunguzi mkono uliovimba sana, inalinda mkono uliokwisha pungua. Ukipimwa mkono ukiwa umevimba utanunua soksi ya ukubwa wa uvimbe. Mkandamizo wake unapimwa kwa milimita za zebaki kama presha, na zile za daraja la pili kwa viwango vya Ujerumani ni 23 hadi 32. Mtu aliyevimba kidogo anaweza kutosheka na ya chini ya hapo, fizio ndo aamue. Kama kiganja kimevimba, au kinaanza kuvimba baada ya kuvaa soksi, unahitaji na glavu yake. Soksi inavaliwa asubuhi kabla mkono haujajaa, inavuliwa usiku, isikunjwe juu kwenye bega wala kuacha mikunjo kwenye kiwiko maana pale pa mkunjo panabana kama uzi. Inafuliwa mara kwa mara, uwe nazo mbili zibadilishane, na baada ya kama miezi 6 imeshalegea hata kama kwa macho bado nzuri.

Sasa mazoezi, na hapa ndo moyo wangu ulipo.

Kwa miaka mingi wanawake waliotolewa tezi walikatazwa kabisa kazi nzito za mikono, ya kurudia rudia hasa, kwa imani kwamba italeta uvimbe. Mwaka 1996 huko Vancouver, Kanada, daktari wa tiba ya michezo wa Chuo Kikuu cha British Columbia anaitwa Don McKenzie akaona imani hiyo haijapimwa na mtu. Akachukua wanawake 24 waliokuwa wametibiwa saratani ya titi, akawafanyisha mazoezi ya mwili kwanza, polepole, halafu akawapandisha kwenye zile mashua ndefu za joka wakapiga makasia, kazi ya mikono, mabega na mgongo tupu. Hakuna aliyepata limfedema mpya. Wakaendelea kupiga makasia, timu za wanawake kama wao zikaanzishwa nchi nyingi, na mpaka leo wanashindana. Kila nikifikiria wale 24 nahisi deni, kwa sababu walikuwa wameambiwa na kila mtu kwamba wataharibikiwa, wakakubali kwenda.

Afu ukaja utafiti mkubwa zaidi, wa Kathryn Schmitz na wenzake, uliochapishwa 2009 kwenye jarida la New England Journal of Medicine. Hawa walichukua wanawake 141 ambao tayari wana limfedema, sio wazima, nusu wakanyanyua vyuma mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima, nusu wakaendelea na maisha yao. Waliokuwa wakinyanyua walivaa soksi ya mkono, walianza na uzito mdogo sana na wakaongeza kidogo kidogo chini ya mtu aliyefundishwa. Mikono yao haikuvimba kuliko ya wenzao. Na ile hali ya mkono kuzidi ghafla mpaka uhitaji matibabu ilitokea kwa asilimia 14 ya walionyanyua, na asilimia 29 ya ambao hawakunyanyua. Soma tena hapo. Waliokaa ndo walizidiwa mara mbili.

Sio kwamba kesho uamke ubebe gunia. Neno lenyewe ni kidogo kidogo. Mkono ambao haujafanya kazi miezi mingi ukiustua kwa mzigo mkubwa siku moja unavimba kweli, na hapo ndo ule ushauri wa usiutumie ulipopata nguvu zake. Anza na mkono mtupu: kufumba na kufumbua kiganja, kukunja na kukunjua kiwiko, kuzungusha bega, kutambaa na vidole ukutani kwenda juu. Mkono uwe ndani ya soksi au bendeji. Baadaye chupa ndogo ya maji, baadaye kizito kidogo, na baada ya kila hatua unautazama mkono siku inayofuata: umekuwa mzito? pete inabana? Kama ndio, rudi hatua moja nyuma, usiache kabisa. Kama hapana, endelea. Watu wengine wanapenda mazoezi ndani ya maji, na yana maana, kwa sababu maji yenyewe yanakubana mkono pande zote, mradi yasiwe ya moto.

Pumzi nayo ni zoezi, usiidharau. Ukivuta pumzi ndefu hadi tumbo linapanda, mgandamizo wa kifuani unabadilika na limfu inavutwa kwenda kule inakomwagikia. Mimi naanza na pumzi kabla ya masaji na namalizia nayo. Na bega lazima lifunguke, maana kovu na mionzi vinakaza kifua, unaanza kutembea umejikunja upande mmoja, na mkono unabaki umebanwa kwenye mbavu. Kuna wengine wanatokewa na kamba ngumu chini ya ngozi, inaanzia kwapani inashuka hadi kwenye kiwiko, ukinyoosha mkono inavuta kama itakatika. Inatisha, lakini fizio anaijua, anaivuta na kuinyoosha taratibu na wengi inaachia. Ukiiona mwambie, usisubiri.

Ngozi nitaipitia haraka ila ni ya hatari kuliko zote. Mkono huu una ulinzi mdogo dhidi ya vijidudu. Losheni kila siku isipasuke, glavu kwenye bustani na kwenye sabuni kali, kidonda kidogo kioshwe na kufunikwa siku hiyohiyo. Mkono ukigeuka mwekundu au kukoza rangi, ukawa wa moto, unauma, na wewe unasikia homa au kutetemeka, hiyo ni maambukizi ya ngozi, madaktari wanaita selulaitisi, nenda hospitali siku hiyohiyo upewe antibayotiki. Masaji na mazoezi yanasimama, na bendeji usifunge tena mpaka daktari aruhusu. Vilevile mwenye damu iliyoganda kwenye mshipa, au moyo ulioshindwa usiotulia kwa dawa, asifungwe wala kukandwa kabla daktari wake hajasema.

Kuhusu sindano na kupima presha kwenye mkono ule, najua tumeogopeshwa wote. Utafiti wa hospitali ya Massachusetts General, Boston, Marekani, uliotoka 2016, ulifuatilia wanawake zaidi ya 600 na haukuona uhusiano kati ya kutolewa damu, sindano, kupimwa presha au kupanda ndege na mkono kuvimba. Selulaitisi na uzito uliozidi ndo vilihusika, pamoja na kusafishwa kwapa na mionzi ya tezi. Mimi bado natoa mkono mwingine nikiwa na uwezo wa kuchagua, haina gharama. Lakini kama wa upande wa pili hauna mshipa, sitakataa matibabu kwa woga huo, na wewe usikubali mtu akufanye ukose dawa kwa sababu yake. Tepu za rangi zinazobandikwa kwenye ngozi zinasaidia baadhi ya watu lakini hazichukui nafasi ya bendeji, na mashine za kupuliza hewa kwenye mkono ni nyongeza nzuri kwa anayezimudu, nyongeza tu.

La mwisho ni kwa ambaye bado hajapasuliwa, na nalisisitiza kuliko mengine. Omba upimwe mikono yote miwili kabla ya upasuaji. Watafiti wa Marekani, Nicole Stout na wenzake, walionyesha mwaka 2008 kwamba mkono ukipimwa kabla na ukafuatiliwa kila baada ya miezi kadhaa, uvimbe unaweza kugunduliwa wakati macho bado hayauoni, na wakati huo soksi ya kawaida ya mkandamizo mdogo kwa wiki kama 4 iliurudisha mkono chini. Bila kile kipimo cha kwanza hakuna cha kulinganisha, maana mikono ya mtu haifanani tangu kuzaliwa, ule unaoutumia zaidi mara nyingi ni mnene kidogo. Kama hospitali haina kifaa, futi ya fundi cherehani inatosha: kaa, nyoosha mkono juu ya meza, pima mzunguko wa kiganja, kifundo, halafu panda kila sentimita 10 hadi karibu na kwapa, mikono yote miwili, saa ileile ya siku, na uandike tarehe. Rudia kila baada ya miezi 3. Tofauti mpya ya sentimita 2 mahali popote mpigie fizio, na hata kabla haijafika huko, kama mkono unausikia mzito au shati limeanza kubana upande mmoja, mpigie pia.